Chupa Safi Kuliko Zote

Wapo watu ambao serikali huwalipa wajenge mabwawa, na wapo inaowalipa wapigwe picha mbele ya mabwawa hayo. Indumati Barve ilimlipa mshahara miaka thelathini na mmoja amzuie mama mkwe mlangoni.

Mama mkwe mwenyewe aliitwa strontiamu. Metali nururifu, yaani yenye mionzi, kongwe, yenye tabia ya kuingia mwilini mwa mtu na kuhamia mifupani moja kwa moja bila kubisha hodi. Akishahamia hatoki. Unaweza kuzaa, kusomesha na kuoza watoto wako wote, naye bado yumo tu, anakuunguza taratibu huku anajifanya mgeni. Lakini bibi huyu, kwa maajabu ya maumbile, huzaa binti mzuri ajabu. Binti anaitwa itriamu, na ana moto mkali na maisha mafupi: kila zinapopita siku mbili na ushei, nusu yake inakuwa imeshakwenda na maji. Ukimdunga kwenye goti lililovimba hadi likakataa dawa zote, anauchoma uvimbe, anajifia zake, hadai hata asante. Madaktari wanamtamani. Shida ni ileile anayoijua kila bwana harusi: binti wanamtaka, mama yake hawamtaki, na wawili hao wanaishi chupa moja.

Kazi ya Dk. Barve ilikuwa kuwatenganisha. Alikuwa na chombo cha vyumba viwili, na kati ya vyumba hivyo aliweka utando: karatasi ya plastiki nyembamba kuliko ganda la kitunguu, yenye vitundu visivyoonekana kwa jicho, vyote vimelowa mafuta maalumu. Chumba hiki maji yenye mama na binti, chumba kile asidi kali. Mafuta yaliyojificha vitunduni yanamjua binti peke yake. Yanamshika mkono, yanamvusha, yanamtua ng'ambo, yanarudi kuchukua ioni nyingine, hivyohivyo kutwa nzima bila kudai posho ya safari. Mama anabaki upande wa pili, amenuna.

Uzuri wa jambo hili ni kwamba mafuta yanayotakiwa ni kijiko. Mitambo ya wenzake katika Maabara ya Sahyadri ilikunywa mafuta kwa mapipa, tena mapipa yaliyokuja kwa meli, na kila pipa lilihitaji wakubwa wawili waende Ulaya kulikagua. Kijiko hakimpeleki mtu Ulaya. Ndiyo maana utando wa Dk. Barve ulipewa chumba cha mwisho, karibu na vyoo, katika jengo lililojengwa nje ya mji wa Nashik katikati ya mashamba ya zabibu, pengine ili likitokea la kutokea iharibike divai kwanza.

Dk. Barve alitoka mji wa Wai, binti wa mpiga chapa wa kalenda. Alikuja Sahyadri akiwa na shahada mbili na msuko wa nywele uliofika kiunoni. Akapata ya tatu, na msuko ukaanza kurudi ulikotoka. Aliolewa na Madhav, karani wa shirika la umeme ambaye usiku aliigiza wafalme jukwaani, na ambaye hadi alipostaafu hakuelewa mkewe anafanya nini, ila alielewa vya kutosha kumtania.

"Wanawake wote wa mtaa huu wanalia na mama wakwe zao," alipenda kusema mbele ya wageni. "Wangu amemweka wake kwenye chupa na kumfungia ndani ya ukuta wa risasi. Mnadhani mimi naweza kubishana naye kuhusu chumvi?"

Hawakujaliwa watoto. Jambo hilo majirani walilijadili kwa upendo mkubwa na kwa sauti ya kutosha kupita ukutani, hadi walipochoka.

Mkuu wa idara alikuwa Dk. Anantharamu. Jina lake lilitangulia kwenye kila makala iliyotoka katika jengo lile, zikiwemo mbili alizoziona kwa mara ya kwanza zilipokwisha kuchapishwa. Alikuwa mcha Mungu kweli, simsingizii. Kila jambo alilianza kwa sala na kulimaliza kwa picha ya pamoja.

Sasa mwaka huo Dk. Barve alikuwa anatimiza sitini, na serikali ikishakufikisha sitini inakusahau mwisho wa mwezi huohuo. Utando wake ulikuwa haujawahi kutoka nje ya geti. Miaka yote hiyo binti alivushwa, akahesabiwa, akasifiwa kwenye mikutano yenye chai baridi, kisha akaachwa afie kabatini. Hospitali moja ya Mumbai ilimtaka. Daktari wake wa mifupa, Dk. Sequeira, alipiga simu kila wiki kama mshenga mwenye njaa.

"Mama Barve, bwana harusi anasubiri. Goti limekuwa tikiti maji. Lini mnatupa bibi harusi?"

"Muulize aliyeandika kanuni."

Kanuni iliandikwa na kamati ya kutoka mji mkuu, nayo ilisema hivi: yatengenezwe mafungu matatu mfululizo, na katika yote matatu mama asionekane, au ionekane chembe tu iliyoruhusiwa. Yakitimia, kibali. Fungu la kwanza lilipita. La pili likapita. La tatu liliangukia siku ya tisa ya sikukuu ya mungu wa kike, wiki tatu kabla ya Dk. Barve kufungasha vikombe vyake. Asipofanikiwa, Dk. Anantharamu alishakuwa na mpango mbadala: kuagiza binti kutoka Ujerumani kwa ndege, afike nusu yake akiwa amefia njiani, na kwa heshima hiyo kila mwaka mtu aende kuzungumza na wazazi wake.

Kulikuwa na jambo moja jingine. Mafuta yale maalumu Dk. Barve aliyapika mwenyewe zamani, katika karakana ambayo baadaye iligeuzwa ukumbi wa wafanyakazi kujifunza kupumua. Akiba yake yote ilikuwa chupa moja ya kahawia. Lebo ilishabanduka. Hakuandika nyingine, nani huandika jina kwenye paji la uso la mwanawe?

*

Desturi ya siku zile tisa ni kuwasha taa mbele ya mungu na kuilinda isizimike hadi mwisho. Ikizimika, nuksi. Dk. Anantharamu aliiweka ya idara katika chumba cha maandalizi, kwa kuwa ndicho chumba pekee kisicho na mnururisho, na hakutaka mungu apate madhara kazini. Ofisa wa zimamoto ndiye aliyewasha utambi wa kwanza. Tatizo lilikuwa mafuta ya ufuta, kwani getini ni marufuku kupitisha chochote cha kulika. Basi mkuu akayatia mafuta yake ndani ya chupa ya maabara, ya kahawia, isiyo na lebo.

"Nini hii, bosi?" mlinzi aliuliza.

"Kiyeyushi."

"Cha hatari?"

"Mno."

"Pita, bosi."

Jioni ya siku ya nane, kwa kuwa kesho yake kamati ingefika, mkuu aliamua kupanga rafu ya chumba hicho, ilipokaa pia chupa ya Dk. Barve. Alizipanga chupa kwa urefu, fupi mbele ndefu nyuma, kama watoto kwenye picha ya shule. Akaridhika. Kisha akaona taa inaelekea kukauka, akachukua chupa iliyokuwa mahali pa chupa yake, akaimimina yote, tone la mwisho, akaenda nyumbani na dhamiri nyeupe.

Nusu saa baadaye akaingia Dk. Barve, akachukua chupa iliyokuwa mahali pa chupa yake, akalowekea utando wa fungu la tatu. Aliyaona mazito kidogo. Akalilaumu kiyoyozi. Pua yake ilishakufa. Baada ya miaka thelathini ya kunusa viyeyushi, mwanamke yule angeweza kukaa ukingoni mwa mtaro na kula chapati bila kuacha chembe. Kwa hiyo tuwe waadilifu: walikosea wawili, wenye shahada sita kati yao.

Siku ya tisa ndiyo siku ya kuabudu vyombo vya kazi. Seremala anavisha msumeno wake shada la maua, dereva anapondesha ndimu chini ya tairi, na chombo kikishapakwa unga mwekundu kinapumzika. Hakiguswi hadi kesho yake. Wakakubaliana kwamba Dk. Barve aanze alfajiri, amalize kabla ya adhuhuri, ndipo vyombo vipakwe. Alianza kabla hata kunguru hawajapiga mswaki. Pampu zilizunguka vizuri. Maji yalikwenda na kurudi. Saa sita kasorobo alichota kutoka chumba cha ng'ambo, akampa Waghmare, mhudumu wa maabara wa makamo aliyekuwa na kisukari na maoni juu ya kila kitu.

Waghmare aliingiza sampuli kwenye mashine ya kuhesabu. Mashine ikanyamaza.

"Imekufa?" Dk. Barve aliuliza.

Waghmare akaisogezea sampuli ya wiki iliyopita. Mashine ikalia kama kuku aliyekanyagwa. Akarudisha ile ya leo. Kimya.

"Haijafa, dada. Haina la kusema."

Wakafanya kipimo cha karatasi, kile cha kumtafuta mama: tone chini, karatasi inanyonya maji, binti anabaki mwanzoni, mama kama yumo anapanda juu. Mwanzoni hapakuwa na mtu. Juu hapakuwa na mtu. Karatasi ilikuwa safi kama ahadi ya uchaguzi.

Dk. Anantharamu akaingia akiwa na shati jipya la hariri. "Mama yupo?"

"Hayupo, lakini..."

"Hayupo!" Akakumbatia mlango, kwa kuwa hakukuwa na mwanamume wa cheo chake karibu. "Sifuri kabisa? Fungu la kwanza alikuwa sifuri kabisa?"

"Lilikuwa na chembe, ndani ya kipimo kinachoruhusiwa. Mkuu, nisikilize. Binti naye hayupo."

"Yuko wapi?"

"Yuko kwa mama yake. Hakuvuka. Hii chupa ni asidi tupu."

Mkuu akafikiri. Ilikuwa kazi, lakini aliifanya. "Dada Barve, kanuni unaikumbuka? Inasema mama asionekane. Kuna mahali imemtaja binti?"

"Mkuu, ni kama kusema nimempika kuku asiye na mfupa hata mmoja, kumbe sufuria ni tupu!"

"Mimi sili nyama," alisema mkuu kwa upole. "Jipake unga mwekundu, wageni wako getini."

*

Kamati iliongozwa na Dk. Chakladar wa Kolkata, mwanamume mnene mwenye huzuni ambayo vitamu tu ndivyo vilivyoweza kuifikia. Wenzake wawili walikuwepo ili kukubali. Mashada ya maua ya rangi ya chungwa yalining'inia kwenye mizani, kwenye kompyuta, hata kwenye kizimamoto. Nazi ikavunjwa. Mkuu akaanza kughani sala mbele ya taa.

Dk. Barve alisimama nyuma kabisa, kichwani akikagua kila kitu upya. Pampu, sawa. Asidi, sawa. Utando, mzima. Kama utando ni mzima na hakuna aliyevuka, basi wavushaji hawakuwemo. Watakosaje kuwemo? Kawaloweka kwa mkono wake.

"Dada," Waghmare alimnong'oneza, "hii taa inanuka kama soksi za jeshi zilizokaangwa."

"Mimi sisikii kitu."

"Shukuru. Mwone yule mwenyekiti, machozi yanamtoka."

Kweli Dk. Chakladar alikuwa anajifuta macho. "Uchamungu wa hapa," alimwambia mwenzake, "unamwingia mtu." Mwenzake akakubali, akakohoa.

Ndipo Dk. Barve akaitazama taa. Ilikuwa taa kubwa ya shaba nyeupe, ya ukoo wa Anantharamu, na mwali wake ulikuwa na upindo wa kijani.

"Tazameni!" Mkuu alikuwa ameuona pia. "Rangi ya mungu mwenyewe! Ametukubali!"

Wengine wakaunganisha viganja. Dk. Barve hakuunganisha. Mwali hauwi kijani kwa rehema. Unakuwa kijani kwa shaba iliyomo ndani ya mafuta. Mafuta ya ufuta hayawezi kung'ata taa ya shaba hata yakae humo mwaka. Mafuta yanayong'ata metali, yanayoishika na kuibeba, aliyajua vizuri sana. Aliyapika mwenyewe.

Alirudi hadi kwenye rafu, akachukua chupa aliyolowekea, akamwekea Waghmare puani.

"Nusa."

"Hii? Hii ya kukaangia vitumbua, dada. Safi, ya kukamua. Umeipitishaje getini?"

Miaka thelathini na mmoja ilikuwa inaungua pale kwenye utambi, inafuka moshi, na watu wazima wanaisujudia. Ile chupa nyingine ilikuwa rafuni, mdomo wazi, kavu.

Alipenya hadi kwa mkuu, akamvuta ukingo wa shati la hariri.

"Mkuu, mafuta yangu yako kwenye taa yako."

"Yapi?"

"Ya utando. Ndiyo yanayowaka. Ulibadilisha chupa. Hakuna mengine duniani. Niruhusu niizime."

"Kuizima!" Akanong'ona kwa mdomo mzima. "Siku ya tisa? Mbele ya kamati? Unataka tufe?"

"Itazimika yenyewe yakiisha."

"Ikizimika yenyewe ni amri ya mungu. Ukiizima wewe ni dhambi, tena ya idara yangu. Dada Barve, kibali kinakuja. Subiri saa moja tu. Kaa kimya, ule kitamu."

Hapo palikuwa na jambo la kufikiria, na msidhani hakulifikiria. Akinyamaza, kibali kingetoka leo, jina lake likiwemo japo la tano. Mafungu mawili ya mwanzo yalikuwa ya kweli. La tatu lingekuwa uongo mdogo uliokaa kati ya kweli mbili na sahihi tatu. Nani angeumia? Angestaafu na shada shingoni. Ila kibali hicho kingekuwa ruhusa ya kuvusha bila mvushaji. Akiizima, angepata mafuta na kupoteza kibali, abaki na mafungu matatu ya kurudia kwa wiki tatu, bila rafiki hata mmoja jengo zima. Utambi ukapasuka cheche. Kina cha mafuta kilishuka mbele ya macho yake, hivyo ndivyo alivyodai baadaye, ingawa kwa hesabu isingewezekana kukiona.

Taa ya ibada haizimwi kwa pumzi. Kumpulizia mungu mate ni ushenzi. Inazimwa kwa ua. Dk. Barve alikuwa na adabu zake. Alichomoa ua moja kutoka shada la kompyuta, akaomba radhi kwa midomo, akaukandamiza mwali.



"Amezima," alisema mtu.

"Amezima taa!"

"Kichaa huyu! Mshikeni!"

"Zimebaki wiki tatu astaafu, ameshindwa kuvumilia!"

Mkuu alikuwa ameketi sakafuni na shati lake la hariri. Dk. Barve akainyanyua taa kwa mikono miwili, ya moto vilevile, akaikumbatia na kitambaa cha sari yake.

"Waheshimiwa," alisema, "haya siyo mafuta ya taa. Ni mafuta ya utando wangu, yalimiminwa humu kwa makosa. Utando wenyewe niliuloweka kwenye mafuta ya kupikia, kwa makosa pia, yangu. Fungu la tatu halina kitu. Lifuteni."

Dk. Chakladar alikuwa na kitamu cha maziwa njia ya kwenda mdomoni. Akakirudisha, jambo ambalo wenzake walisema hawajawahi kuliona.

"Dada, tulia. Mama ameonekana?"

"Hajaonekana."

"Hata chembe?"

"Hata chembe. Lakini binti pia hajaonekana! Ni maji ya asidi, baba! Ukimdunga mtu utamdunga maji!"

"Hebu." Mwenyekiti akageukia wenzake. "Kanuni niliiandika mimi, naifahamu. Mwaka wote nilioiandika nilikuwa na vidonda vya tumbo, nikaiandika fupi. Mama asionekane, basi. Je, tumewahi kupata fungu ambalo mama haonekani kabisa?"

"Hatujawahi," alisema mmoja.

"Popote," alisema wa pili.

"Basi hii ndiyo chupa safi kuliko zote katika historia ya nchi hii, na mwenyewe anataka tuifute!" Alimtazama Dk. Barve kwa huruma ya kweli. "Unyenyekevu wa kiasi hiki unaumiza, dada."

"Si unyenyekevu, ni sufuria tupu!"

"Tunaondoka na treni ya saa kumi. Kalamu iko wapi?"

Wakatia sahihi juu ya meza ya mizani, kati ya maua. Dk. Barve alikuwa amejiandaa kukipoteza kibali kwa heshima. Akapewa kwa nguvu, huku anakikataa kwa sauti. Mkuu alisimamishwa, akapanguswa vumbi, akashikishwa chupa tupu, wakapiga picha ya pamoja. Kwenye picha hiyo, pembeni, yumo mwanamke mfupi mwenye masizi shavuni amebeba taa iliyozimwa kama mtoto aliyeokolewa mtoni. Kwenye nakala zilizosambazwa, mpiga picha alimkata.

*

Siku ya kumi ni sikukuu kamili. Watu wako majumbani wanapeana majani na kuyaita dhahabu. Vyombo vimeshaamka. Waghmare alikuja ingawa hakuitwa, akisema mkewe anapika kitu kitamu na daktari amemkataza kukitazama.

Waliyachuja mafuta kwa kitambaa cha pamba, masizi yakabaki juu. Kilichopatikana kilikuwa vijiko vitatu, cheusicheusi, kimebeba shaba na zinki ya ukoo mzima wa Anantharamu. Dk. Barve akakitia kwenye chupa ya kutenganishia, akaongeza asidi, akatikisa. Chini pakakaa maji ya buluu ya kupendeza.

"Taa ya bosi hiyo," Waghmare alisema.

"Yamwage. Tena."

Mara ya pili buluu ikapauka. Mara ya tatu maji yakatoka kama yalivyoingia. Akaongeza kiyeyushi, akaloweka utando mpya, akaufunga kati ya vyumba viwili. Mama na binti walikuwa wamelala vilevile upande wao, hawajui kama jana kulikuwa na harusi iliyofanyika bila wao.

Pampu zikazunguka. Waghmare alikula ndizi aliyokatazwa. Mchana ulipogeuka Dk. Barve alichota, akaisogeza sampuli mwenyewe, na mashine ikapiga kelele hadi Waghmare akaziba masikio.

"Kavuka!" alipayuka. "Dada, kavuka na ngoma na tarumbeta!"

"Nyamaza. Karatasi kwanza."

Karatasi ikanyonya maji polepole. Mwanzoni, binti, amejaa tele. Juu, chembe kidogo isiyofika hata sehemu ya kumi ya kinachoruhusiwa. Haikuwa safi kama ile ya jana. Ilikuwa na kitu, basi lazima iwe na dosari.

Dk. Sequeira aliendesha gari mwenyewe kutoka Mumbai, dereva wake akiwa sikukuuni. Mgonjwa alikuwa mwalimu wa mchezo wa kabaddi, mwanamke ambaye goti lake lilikuwa limekataa kupanda hata ngazi ya basi. Dk. Barve alimweleza daktari kila kitu, hakuficha hata soksi za jeshi. Daktari akasikiliza, msalaba mdogo wa dhahabu ukicheza shingoni mwake.

"Ngoja. Mafuta haya yamewaka kwenye taa?"

"Yaliyowaka yamekwisha. Haya ni yale ambayo hayakuwaka. Yameoshwa mara tatu. Hesabu hii hapa, karatasi hii hapa. Kama huna imani, pima upya kwako kabla ya kudunga. Nakuomba upime."

"Nitapima." Akaiinua karatasi kwenye mwanga, akaitazama kwa muda mrefu kama mtu anayekagua noti. "Na hii iliyotajwa kwenye kibali, fungu la tatu, usafi asilimia mia?"

"Hiyo usiiguse."

"Mbona Dk. Anantharamu amenipigia, anasema hiyo ndiyo nimpe mgonjwa wa kwanza, kwa heshima?"

"Ipo ofisini kwake, ndani ya kabati la kioo, na taa juu yake. Haimdhuru mtu pale."

Daktari akacheka hadi akaegemea gari. Waghmare akalileta kopo la risasi, wakalifunga kwa mikanda nyuma ya kiti, wakalikagua kila upande kwa mashine.

"Mama Barve, nimshukuru nani kwenye ripoti? Kibali kina majina manne kabla ya lako."

"Washukuru wote kwa mpangilio huohuo. Mimi nina vijiko viwili na nusu vya mafuta, na siku kumi na tisa kabla hawajabadilisha kufuli. Kila wiki nitakupa fungu moja. Sasa washa gari, Sequeira. Tangu uanze kuniuliza maswali binti ameshaanza kupungua."